Gari Lako Likikosa Silensa

Silensa ni ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Ukitaka kuipima, hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote: zima muziki. Foleni ya Mwenge ni mahali pazuri sana pa kusikiliza injini, maana mguu uko kwenye breki na huna pa kukimbilia. Tazama chupa ya maji pembeni ya kiti chako. Maji yakitulia, hongera. Yakicheza mdundiko, endelea kusoma.

Hamia kwenye mshale wa RPM. Injini iliyopata moto kwa kawaida hukaa kati ya 600 na 900. Asubuhi ikiwa baridi huvuka 1,000 kwa muda mfupi, kwa hiyo usimwamshe fundi saa kumi na mbili. Mshale ukipanda na kushuka wenyewe, mara nyingi kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi, au kilango cha hewa kimejaa masizi. Gari likizimika kila ukiwasha AC, anza na masizi hayo hayo.

Likitetemeka ukiwa kwenye D na kutulia ukitia N, kagua maunti za injini.

Mtetemo wa kukatakata ndio unaowaliza watu. Gari linamisi: silinda moja haichomi, na utaambiwa ununue plagi zote, koili zote na nozeli juu. Sema kwa upole, "Fundi, tupime kwanza." Mashine ikisoma msimbo wa kosa P0302, mgonjwa ni silinda ya pili. Kwa gari kama IST, ambalo kila silinda ina koili yake, mwombe abadilishane koili ya pili na ya tatu, afute msimbo, awashe tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu; nunua moja tu. Ikibaki P0302, koili haina kosa, sasa kagueni plagi, halafu nozeli.

Atakayekupandishia silensa ili mtetemo usisikike, mkatalie kabisa. Ugonjwa utabaki pale pale, na petroli utainunua wewe.

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, na gari linakwenda vizuri, una muda wa kutafuta fundi. Ikipepesa, petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega ya kusafishia moshi yaliyomo humo, ambayo bei yake itakutoa jasho. Egesha pembeni, zima, mwite fundi aje hapo hapo.