Namna ya Kutoka Mwenyewe Ukala Ukashiba

Tukubaliane kwanza: kula peke yako hadharani si uchoyo wala si msiba. Mtu akionekana mezani mwenyewe, meza za jirani huanza kumtungia habari. Kaachwa. Kagombana na mumewe. Anamkwepa anayemdai. Waache watunge. Wewe umekwenda kula.

Mazoezi yaanzie kwa mama lishe. Saa saba mchana, kwenye lile benchi refu, karibu kila mtu kaja kivyake: wa bodaboda, karani, fundi seremala. Mnabanana mabega, mnapokezana jagi la kunawia na kichupa cha pilipili. Sahani yako ikifika unasema "Karibuni," wanakujibu "Ahsante, endelea," na hapo umeshakula na watu bila kumpigia yeyote simu.

Kikwazo cha kweli ni kipimo. Vyakula vyetu vingi vya starehe hupangwa kwa kundi: sinia la pilau, kuku mzima, nyama choma kwa kilo. Agiza robo na ndizi mbili za kuchoma. Mchomaji akishangaa, rudia kwa sauti ileile: robo. Usipandishe hadi nusu kwa ajili ya kuona haya, maana haya hiyo utailipia wewe na nyama itabaki.

Ukiwa Unguja, nenda bustani ya Forodhani jua linapokaribia kuzama. Anza na urojo. Tazama unavyopangwa bakulini: viazi, bajia, kachori, rojo zito la manjano lenye ukali wa embe mbichi au ndimu, kisha chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Chipsi zile zina dakika chache tu kabla ya kulowa. Ukiwa na kundi, dakika hizo zinaishia kwenye kubishana nani kaagiza nini. Ukiwa mwenyewe unazipata zikiwa kavu, zinalia menoni, na rojo bado la moto.

Baada ya hapo zunguka. Mshkaki mmoja hapa, kipande cha pweza kule, na usione vibaya kumsimamia anayepika mantabali: anatandaza donge la unga mpaka linakuwa jembamba kama karatasi, anamwagia yai, kima na vitunguu, anakunja pembe nne na kuligeuza kwenye chuma cha moto. Mwenzako angekuwa ameshachoka kusubiri. Nenda ukingoni ukawatazame vijana wa makachu wakijirusha baharini, kisha geuka uliangalie Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Linahitaji kutazamwa taratibu, na wenye haraka hawakupi nafasi hiyo. Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwa Ngome Kongwe, sogea hadi karibu na jukwaa ubaki hapo utakavyo. Hakuna wa kukuvuta mkono kwamba usiku umekwenda, turudi.

Dada anayetoka peke yake ana mzigo wa ziada, nao si wa haki hata kidogo. Mwanamume atavuta kiti bila kukaribishwa, akiamini ameleta msaada. Kaa karibu na kaunta au na meza ya familia, na mwambie mhudumu mapema kwamba hungoji mtu. Mgeni huyo akija, "Kaka, samahani, naomba nile" inatosha. Asipoelewa, mwite mhudumu bila kuona aibu, kwani aliyekosea si wewe. Panga pia usafiri wa kurudi kabla hujatoka nyumbani. Lakini toka. Mji huu ni wako pia, na mishahara ya wanawake inanunua pweza kama ya wengine.

Simu ibaki mkobani mpaka sahani iishe. Ukiikodolea macho tangu mwanzo, utafika nyumbani hukumbuki kama pweza alikuwa laini.

Mwisho, jiandae kukutana na mtu wa mtaani kwenu. Hakosekani. Atatazama kulia na kushoto kwako, kisha atauliza, "Uko na nani?" Mjibu, "Niko mwenyewe, karibu." Akikaa, muagizie juisi ya miwa. Akiwa na haraka, mwambie asalimie nyumbani kwake, uendelee na mshkaki kabla haujapoa.