Sifa za Behewa la Kulala la Masisi na Walikale

Reli haijafika Masisi wala Walikale. Mojawapo ya zilizo jirani iko magharibi, kwenye mto Lualaba: njia ya Ubundu hadi Kisangani, kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Anayetaka kulala safarini katika Kivu ya Kaskazini amejaliwa chombo bora zaidi, nacho ni lori la Fuso litokalo Goma, likipita Sake na Masisi kuelekea Walikale.

Kitanda chake ni shehena. Wakati wa kwenda ni magunia ya chumvi na kreti za bia. Wakati wa kurudi ni bido za manjano za mawese, kisha magunia ya makaa na viazi vya Masisi. Behewa la reli hujaa. Juu ya lori, hajawahi kupatikana abiria aliyekosa nafasi.

Hali ya hewa nayo haichoshi. Kwenye milima ya Masisi, baridi huingia mifupani. Ukishuka kwenye misitu ya Walikale, joto na mbu hupokea zamu. Turubai la kujifunika ni lile lile.

Ratiba hupangwa na mvua. Enzi za Wabelgiji, kulikuwa na vizuizi vya kusimamisha magari mazito hadi njia ikauke. Siku hizi gharama hiyo imeokolewa: barabara yenyewe husimamisha.

Hapo ndipo ubora mkuu unapoonekana. Treni humtikisa mlalaji usiku kucha. Lori lililozama hadi ekseli halitikisiki, na laweza kutulia hivyo siku kadhaa. Hata konvwayeri, yaani utingo, ambaye kwenye kila mlima huruka chini kutia gogo nyuma ya tairi, hupata usingizi.

Huduma huja zenyewe. Kukipambazuka, vijana wa kijiji hufika na majembe na mbao, hupatana bei na dereva, kisha huchimba mbele ya matairi. Akina mama huleta ndizi za kuchoma na mihogo. Kadiri shimo linavyodumu, ndivyo soko linavyokua.

Ukaguzi ni makini kuliko wa reli. Huko tiketi moja yatosha safari nzima. Huku kila kamba iliyokatiza barabara ina mkaguzi wake, wengine wa serikali, wengine wenye bunduki zao tu, na kila mmoja hulipwa upya.

Walionyimwa neema hii ni mawe ya madini. Kwa miaka mingi kasiteriti (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie, Walikale, ilitolewa msituni kwa migongo ya wapagazi, kisha ikapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua Kilambo, juu ya kipande cha lami cha barabara ya magari. Ilifika Goma chini ya saa moja, kavu, bila kulala njiani hata mara moja.