Mishkaki ya Kidari

"Shemeji, ndala hii umeivua mguu gani?" Ndivyo alivyouliza mgeni wangu Jumamosi iliyopita, kijiti cha mishkaki mkononi, mbele ya ukoo mzima. Wengine walitafuna kwa heshima. Mzee mmoja alilihamisha pande moja kutoka shavu hili hadi lile tangu dua ya kufungulia hadi ya kufungia. Watoto walikwisha kujisalimisha kwa kachumbari.

Nyama niliinunua katika duka kubwa hapa Houston. Lebo ilisema "brisket", yaani kidari, na muuzaji akaapa kwamba kwenye moto wa kuni hiyo ndiyo fahari ya Texas. Alisema kweli tupu. Alichokinyamazia ni kwamba moto huwashwa leo, nyama ikaliwa kesho.

Nimekuja kujua kwa nini. Ng'ombe hana mtulinga. Uzito wa sehemu yake ya mbele hauning'inii kwenye mfupa wowote wa bega. Hubebwa na misuli, na ya kidari ni miongoni mwake. Tangu ndama anaposimama mpaka siku ya kisu, misuli hiyo haipumziki, ndiyo maana imejaa kolajeni. Moto mkali huikunja kolajeni, ikakamua maji yote. Tangawizi na ndimu zangu hazikufua dafu. Joto la taratibu, nyama yenyewe ikivuka nyuzi 70, huigeuza polepole kuwa jelatini laini. Kwa hiyo Watexas hupaka chumvi na pilipili manga tu, wakaiweka katika moshi wa mwaloni wenye nyuzi 110 hivi, kwa saa 12 au zaidi. Katikati ya safari, joto la nyama hugoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa kuwa maji yanayokauka juu yake huipoza. Imekufa, imechunwa, imekatwa, na bado inajipoza kwa jasho!

Wala si kidari peke yake kilichonifunza ugenini. Galbi ya Wakorea, mbavu nyembamba za kuchomwa dakika chache, niliichemsha ikawa supu ya nyuzi. London, nilikuta rump yao ndiyo sirloin ya Wamarekani, na sirloin yao ni nyama nyingine kabisa. Nililipia zote mbili. Kwenye mgahawa wa Kibrazili, mhudumu alinifundisha nundu ni nini.

Lakini nani alitufundisha ramani ya ng'ombe? Buchani kwetu Dar kulikuwa na steki na mchanganyiko, basi. Shoka lilishuka juu ya gogo, na shingo, mbavu na mfupa mtupu vikapanda mizani kwa bei moja. Sarara ilikwenda kwa anayejuana na muuzaji. Mtoto aliyetumwa alirudi na mifupa, akagombezwa kwamba hana macho. Nilikuwa mtoto huyo, na bei ile haikuwa ya mifupa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa ugenini usihangaike na lebo. Uliza msuli ulikuwa ukifanya kazi gani. Uliobeba, uliovuta na uliotafuna, kama kidari, shingo na shavu, upe muda. Sarara, iliyokaa mgongoni bila shughuli, ipeleke motoni. Na ukiwa nyumbani, mdai muuza nyama bei ya shingo kwa shingo.