Mlango wa Siri Unaojulikana na Mtaa Mzima

Hakuna fedheha inayowasha kama ya mlango wa siri kugunduliwa na mgeni aliyeingia kuomba maji ya kunywa. Kabati la vitabu limejengwa ukutani, limepigwa msasa na vanishi, mpini hauonekani, bawaba hazionekani. Mgeni anameza funda la kwanza, anatazama chini, kisha anauliza kwa upole, "Na huko ndani mnaweka nini?" Sakafu ndiyo iliyosema. Juu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa kuna mchubuko mweupe, robo duara kamili ambalo mwalimu wa hisabati asingelichora vizuri zaidi kwa bikari, linaloanzia kwenye pembe ya kabati na kuishia katikati ya sebule. Kwa mji kama Magu, ambako habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe, siri hiyo haimalizi wiki. Lawama nazo hazipotei njia: seremala ni mbabaishaji. Hoja yangu ni kwamba seremala anasingiziwa. Kosa liko kwenye wazo lenyewe, la kutundika kitu ambacho kilipaswa kusimama.

Ushahidi wa kwanza ni mizani. Chukua kabati la upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2, lenye rafu tano. Vitabu vya kawaida vikipangwa kwa kubanana, mita moja ya rafu huweza kubeba kilo 25 hivi. Rafu tano ni zaidi ya mita nne za vitabu, yaani kilo mia moja na ushee. Ongeza mbao zenyewe na unafika kwa urahisi kilo 150, sawa na mifuko mitatu ya saruji iliyoning'inizwa kwenye ubao mmoja wa fremu. Uzito huo haushuki chini tu. Katikati yake iko sentimita 45 kutoka kwenye bawaba, kwa hiyo kabati zima linataka kupinduka kuelekea upande wa nje. Bawaba ya chini inasukumwa, ya juu inavutwa. Kama bawaba hizo zimeachana sentimita 180, zidisha 150 kwa 45, gawanya kwa 180: ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo 37 na nusu, usiku na mchana, hata mlango ukiwa umefungwa na wenye nyumba wamelala. Inayovutwa hivyo ni skrubu ya inchi moja na nusu iliyozamishwa kwenye paini. Sasa tazama jinsi aibu ilivyo ndogo kwa kipimo. Skrubu za juu zikilegea milimita 6, pembe ya nje ya chini inashuka milimita 3. Mlango wa kawaida husamehe milimita 3, maana chini yake hupita hewa, vumbi na hata mjusi. Mlango wa siri hausamehi, kwa sababu siri yake ni uwazi usioonekana. Hapo ndipo ugomvi ulipo: siri inataka nafasi nyembamba, uzito unataka nafasi pana, na seremala ameahidi vyote viwili.

Watu wa pwani walikwisha kuumaliza ugomvi huu zamani. Milango ya Unguja na Lamu iliyochongwa maua na minyororo, mizito kwa mbao ngumu, haikutundikwa kwa bawaba. Kila ubao una vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya fremu. Uzito unashuka kwenye kizingiti na kuishia ardhini. Na huna haja ya kupanda boti kwenda kujifunza, kwa kuwa wachomeleaji wa kandokando ya barabara ya Mwanza–Musoma, kuanzia Kisesa hadi Magu mjini, wanajua siri hiyo hiyo kwa chuma. Mtazame fundi geti akitengeneza mguu wa geti zito. Anakata kipande cha bomba nene, hiyo ndiyo bushi, anaziba chini, anatia grisi, anadondosha goroli moja ya chuma, kisha anashusha pini juu yake. Geti la kilo mia mbili linasimama juu ya goroli inayotosha kufichwa ndani ya kiganja, na mtoto analisukuma kwa mkono mmoja. Sababu si uchawi. Msuguano upo, ila uko kwenye kiini kabisa cha mzunguko, kwa hiyo hauna mkono mrefu wa kuzuia chochote.

Kabati likisimamishwa hivyo, lile pinduko halifutiki, maana fizikia haitoi msamaha. Lakini pini ya juu sasa inasukumwa kwa ubavu dhidi ya ubao mnene wa fremu, haing'olewi kama skrubu. Tena una uhuru ambao bawaba haikupi: unaweza kuisogeza pini ndani ya kabati. Ukiiweka sentimita 20 kutoka ukingoni, katikati ya uzito inabaki sentimita 25 tu kutoka kwenye pini, na kwa pini zilizoachana mita 2 nzima za urefu wa kabati, ule msukumo wa juu unashuka hadi kilo 19 hivi, nusu ya ule wa mwanzo. Upangaji wa vitabu nao una kazi. Kamusi na vitabu vinene vikae upande wa pini: Kitereza wa Ukerewe, na riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, apewe nafasi ya heshima pale. Kezilahabi, naye wa Ukerewe, aende na Nagona yake nyembamba ukingo wa nje. Mhakiki wa fasihi atalalamika, mlango hautalalamika.

Kuna watakaosema: si uongeze bawaba tu, ziwe nne au tano? Bawaba za kati hazipunguzi sana mvuto wa ile ya juu, na tano zisipokuwa kwenye mstari mmoja kwa timazi, zinapigana zenyewe kwa zenyewe hadi mlango unalia kila unapofunguliwa. Wengine watapendekeza gurudumu chini ya pembe ya nje. Gurudumu linafaa kwenye sakafu iliyo sawasawa. Sakafu nyingi zetu zina vilima vyake, kwa hiyo hapa gurudumu linabeba kabati, pale linaelea hewani, na popote linaacha alama. Lipo pingamizi zito zaidi: pini ikisogezwa ndani, njia inakuwa nyembamba. Ni kweli. Kwa kabati la kina cha sentimita 30 unabaki na upenyo wa sentimita 55 hivi. Aliyeshiba apite ubavu.

Na yule anayeuliza nani Magu anahitaji mlango wa siri, ajibiwe kwa heshima, kwa sababu zamani jibu lilikuwa uhai. Mwaka 1942 mjini Amsterdam, Johan Voskuijl alitengeneza kabati la vitabu lenye bawaba kuziba njia ya maficho ya Anne Frank na wenzake waliokuwa wakiwakimbia Wanazi, watu wanane kwa jumla. Lilificha njia hiyo mpaka Agosti 1944 walipokamatwa. Wale walikuwa na sababu. Sisi tuna stoo ya mahindi, na hamu ya kuona ukuta ukifunguka. Hamu pia ni sababu.

Misiba mingine ya kabati kama hili ni midogo. Pembe ya nyuma ya kabati nene huzunguka duara kubwa kuliko uso wake, hivyo lenye bawaba ukingoni hugonga fremu usipoacha karibu sentimita 5. Mvua za masika huvimbisha mbao. Mchwa hawasomi, lakini humaliza kitabu.

Kinachoniudhi kiko mbele ya karakana. Mbao zinauzwa mbichi kwa jina la kavu. Ya "mbili kwa nne" ukiipima kwa futi haifiki mbili wala nne. Mwenye nyumba anabishania bei ya chuma kisichoonekana huku akilipa bila swali bei ya vanishi inayoonekana, halafu kabati likishuka anamwita fundi mwizi mbele ya majirani. Fundi hakuchagua mbao, hakuchagua bawaba, wala hakuambiwa vitabu vitakuwa vingapi. Na kuna uchungu mwingine: tunahesabu kilo za vitabu vya kuficha stoo, ilhali zipo shule ambazo rafu zake hazijawahi kulemewa na kitu. Bawaba za kule zingedumu milele.

Kwa hiyo, mwenye nyumba, kabla hujamwita seremala nenda kwa fundi geti ukaagize pini mbili, bushi mbili na goroli moja. Mbao zikae kivulini mpaka zikauke kwelikweli. Mweleze seremala idadi ya vitabu kabla hajashika msumeno. Fedha ikipungua, punguza kwenye vanishi. Ya pini usiiguse.