Mapezi ya plastiki

Wapenzi wa roketi ya mfano ya Alpha III, hongereni! Mapezi yameungana kiwandani, kazi yenu ni kubandika stika. Sisi wa Alpha ya zamani ya kampuni ya Estes bado tunapiga msasa mapezi ya mbao za balsa. Gundi ikikauka pezi likiwa limekaa upande, roketi ya Kitale huenda Bungoma bila nauli.

Na roketi ya Big Bertha je? Sentimita 60 za fahari, hupaa polepole, hata mzee mwenye miwani huiona. Ila nyinyi wajuzi mnairusha Julai, mahindi yamewapita kichwa, kisha mnatafuta parashuti. Bungoma nako, baruti kando ya miwa mikavu! Hata roketi ya Scout iliyopeleka setilaiti ya Uhuru angani mwaka 1970 ilirushiwa baharini, karibu na Malindi. Wenye shamba walikuwa samaki, na samaki hawadai fidia.