Jinsi ya Kulizunguka Ziwa la Mlimani, Shangazi Akiwemo

Kila mwenye simu ameshaiona ile picha. Baba Mswisi, mama Mswisi na watoto wawili wenye mashavu mekundu wanatembea kando ya ziwa la samawati, mlima wa theluji umewasimamia nyuma. Maelezo yanasema njia ni nyepesi, inafaa familia nzima, na ukianza baada ya chai utakuwa umerudi kabla ya chakula cha mchana. Mkazi wa Mghange hana sababu ya kuionea wivu picha hiyo. Kaunti ya Taita Taveta ina ziwa la namna hiyo, na theluji inaonekana kutoka ukingoni. Kinachokosekana ni mwongozo tu.

Kwanza ziwa lenyewe. Kwa upande wa milima Mghange tumejaliwa: Vuria iko papo hapo, mita 2,200 na ushee, na ukungu wake unaingia mpaka jikoni. Ziwa hatuna. Maji ya kwetu hayana subira. Yakishanyesha yanateremka zake nyika, na sisi tunabaki kuyafuata na mitungi. Kwa hiyo itabidi twende Chala, nje kidogo ya mji wa Taveta, kwenye ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro. Ni ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano, karibu mita 880 kutoka usawa wa bahari. Mwenye hesabu zake ameshagundua kwamba ili kulifikia ziwa la mlimani kutoka Mghange ni lazima ushuke mlima. Jambo hili usilizungumze nyumbani. Nyanya akilisikia atauliza kwa nini mtu aliyezaliwa juu alipe nauli kwenda kuutazama mlima kutoka chini, na swali hilo halina jibu.

Sasa familia. Ile ya kwenye picha ni watu wanne. Ya kwako pia ni ya watu wanne mpaka utakapotamka neno safari mbele ya mtu wa tano. Ukilisema Jumanne usiku, Alhamisi shangazi wa Werugha atapiga simu kukushukuru kwa kumkumbuka. Mjomba atakuja kwa sababu anaijua historia. Atakuja pia jirani ambaye hana haja na ziwa ila ana gunia lake Taveta, na kijana mmoja ambaye kila upande utadhani ni wa upande wa pili. Usipunguze watu. Kupunguza watu kunaleta kikao, na kikao ni kirefu kuliko safari.

Siku iangaliwe vizuri. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta, na hilo si soko la kupita. Litawameza wote mnaposhuka tu garini, na jioni mtarudi Mghange na mikungu ya ndizi, viazi vitamu na kuku wawili wa shangazi, mkiwa hamkuliona ziwa hata kwa mbali. Jumapili ndiyo salama, alimradi ibada iwe ile ya asubuhi na mhubiri awe mtu mwenye huruma. Kasoro yake ni moja: shangazi atakuja na viatu vya kanisani. Mwache. Atakayewarudisha nyuma siku hiyo si yeye.

Chakula: kimanga, kwa sababu kinashibisha na hakimwagiki. Chapati zitaliwa kabla ya Mwatate. Mayai ya kuchemsha yabebwe na mtu asiyekaa karibu na dirisha lililofungwa. Kwenye zile kona za kuteremka kutoka Wundanyi pana mtoto atakayetapika. Tayari unamjua ni nani, mpe mfuko mapema.

Kutoka Mwatate lami inapita Bura na Maktau na kukata ndani ya Tsavo Magharibi. Watoto wataona tembo bila kulipa kiingilio. Mbele, kabla ya Taveta, kuna kilima kidogo kiitwacho Salaita, na hapa mjomba atasafisha koo. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa vichaka hivi, walikishambulia wakiamini kazi ni ya asubuhi moja. Wajerumani na askari wao wakawatimua, na waliokuja kuwaokoa ni Wabaluchi kutoka India, ambao siku chache nyuma walikuwa wakidharauliwa na hao hao waliookolewa. Kisa ni kizuri. Mjomba apewe mpaka kilima kitakapotoka dirishani, asizidishe, kwa maana akianza kuhesabu mizinga mtafika Chala yuko Verdun.

Mkikaribia Taveta mwonyesheni mtoto mkubwa ile nyumba ya kilimani watu wanayoiita ngome ya Grogan. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyetaka kuoa. Baba wa kambo wa msichana hakuridhika naye, basi akatembea Afrika yote kutoka kusini kwenda kaskazini ili kuthibitisha kwamba anafaa, akafika Cairo mwaka 1900. Baadaye akaja kuwa mwenye mashamba makubwa ya mkonge hapa Taveta, na ngome akaijenga miaka ya 1930. Mtoto atauliza kama mtu akitembea sana hupewa ardhi. Mwambie inategemea ni nani anatembea.

Kutoka Taveta mnashika barabara ya kwenda Loitokitok, mnapinda kushoto, na hapo kila mtu atasema mmepotea. Hakuna dalili ya maji. Kuna migunga, vumbi, nyani wanaowapima kwa macho, na mwinuko wa mawe usio na sifa yoyote. Pandeni huo mwinuko. Ziwa halionekani mpaka hatua ya mwisho, kisha linatokea lote kwa mpigo chini ya miguu, ndani ya kuta zilizokatika wima, kama kilomita nne za mraba za maji ambayo saa hii ni ya kijani na baadaye kidogo ni ya buluu. Hapa ndipo yule mtoto aliyetapika atakimbia mbele. Mshike. Ukingo hauna uzio wala bango, na kina cha maji ni zaidi ya mita 90.

Mkishashikana mikono, ni wakati wa kujivunia urithi wenu, na mwongozo huu unawataka mjivunie kwa uangalifu. Theluji mnayoiona juu ya kilele cha Kibo iko Tanzania. Maji mnayoyaona chini hayaletwi na mto wowote wa maana. Yanapenya ardhini kutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya misitu ya Kilimanjaro, yaani nayo yametoka Tanzania, na hayakusimama mpakani Holili kugonga mhuri. Humo majini yumo perege mmoja, Oreochromis hunteri, ambaye asili yake ni hapa tu duniani. Huyo angalau tungeweza kumdai, lakini mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya ziwa na hakuna aliyemuuliza anapendelea kulala upande gani.

Mjomba atawaambia mpaka ulipindwa kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, siku ya kuzaliwa. Mkubalieni, amechoka. Ukweli ni kwamba Uingereza na Ujerumani zilipatana mwaka 1886 na huyo mjukuu, Wilhelm, hakuwa Kaisari mpaka 1888. Mlima haukutolewa na bibi kwa mapenzi. Uligawanywa na maofisa mezani, watu ambao hawakuwa wamekanyaga Taveta, na mstari wao ukashuka na maziwa yetu mawili, Chala na Jipe. Kisa cha zawadi kinapendwa kwa kuwa kinatupa angalau mtu mmoja wa kumlaumu aliye na sura.

Sasa tuzunguke. Maelezo ya matembezi mepesi kote duniani yanasema: fuata njia ya ukingoni, ziwa likiwa upande mmoja, mpaka urudi ulipoanzia. Chala maelezo hayo ni sahihi kwa nusu ya kwanza. Upande wa Kenya njia ipo, ina miiba na mawe yanayoviringika, ila shangazi wa Werugha ambaye amepanda na kushuka na kuni miaka yote ataipita kwa viatu vya kanisani huku akisimulia harusi ya mtu. Watakaohema ni waliotoka Nairobi kwa likizo. Kisha mtafika mahali ambapo hakuna alama yoyote, na pengine mtamkuta kijana anachunga mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuzunguka ni mbali?"

"Si mbali, mama. Ni hapo tu."

"Na huko mbele kuna nini?"

"Huko ni Tanzania."

"Nimeuliza kuna nini."

"Ziwa, mama. Hili hili."

Kisheria, wanaotaka kukamilisha mzunguko wanageuka, wanarudi Taveta, wanavuka Holili na hati zao za kusafiria, wanagongewa mihuri, wanatafuta gari la upande wa pili, wanapanda tena na kumalizia nusu iliyobaki. Kisha wanafanya yote hayo kinyumenyume. Familia yenye watu kumi na mbili na vitambulisho saba itakuwa imemaliza matembezi haya mepesi kufikia Jumanne. Mbuzi wa yule kijana, kwa upande wao, watakuwa wamerudi kabla ya jua kuzama.

Yupo aliyelizunguka lote bila usumbufu huu. Mwaka 1891 alifika hapa Mmarekani aitwaye May French-Sheldon, akitokea pwani na wapagazi zaidi ya mia. Sehemu ya safari alibebwa ndani ya kiti cha kufumwa chenye mapazia. Mizigoni alikuwa na gauni la dansi na wigi la nywele za dhahabu, ambavyo alivivaa alipokutana na machifu ili wajue wamekutana na mtu. Watu walimwita Bebe Bwana. Alishuka zile kuta, akapanda chombo cha kuelea, akalizunguka ziwa kwa maji, na mwaka 1892 akatoa kitabu, Sultan to Sultan. Kwa mwandaaji wa safari za familia mwanamke huyu ni mwalimu mkubwa. Alikuja na watu wengi kuliko ukoo wako, na kitabuni aliyezunguka Chala ni yeye. Waliobeba kiti, wigi na sahani kutoka Mombasa mpaka ukingoni hawakuandikwa kuwa wametembea popote.

Msimwige kwenye suala la maji, lakini. Kijana mmoja wa likizo ya Nairobi atavua shati na kusema anajua kuogelea. Mwaka 2002 msichana Mwingereza wa miaka 18 aliingia kuogelea humu na mamba wakamuua. Wenyeji watakuambia mambo mengi kuhusu mamba wa Chala, kwamba wapo, kwamba hawapo tena, kwamba wapo upande wa wenzetu. Katika mambo yote ya mpaka huu, hilo ndilo la mwisho unalotaka kulihakikisha mwenyewe. Avae shati lake. Kuna njia kali ya kushukia mpaka ufukweni na wenye magoti mazuri wanaweza kuiteremka, wakachungulia, wakapanda. Wakati wa kushuka hakuna atakayelalamika.

Mjomba akichoka na Waingereza, mpeni habari hii aendelee nayo. Mwaka 2016 wanasayansi waliweka mtambo juu ya ziwa hili wakatoboa sakafu yake, wakatoa tope lililopangana zaidi ya mita 200, lenye kumbukumbu ya mvua na ukame wa miaka kama 250,000. Ziwa limetulia kiasi hicho. Kila mwaka umeacha utepe wake na hakuna mto wa kuvuruga. Mjomba atauliza tope hilo liko wapi sasa. Lilisafirishwa kwenda kuchunguzwa ng'ambo. Atatikisa kichwa kama aliyekuwa amelitarajia jibu hilo tangu Salaita.

Picha ipigwe kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu Kilimanjaro huvaa mawingu mapema na haivui kwa ajili ya wageni. Mmekuja baada ya ibada, basi mtapiga picha ya mawingu. Si neno, andikeni kwamba mlima uko nyuma yake. Shangazi asimame mbele, mfuko wa mayai utolewe kwenye fremu.

Kurudi, ondokeni mapema. Bustani za Tsavo zimechukua asilimia 62 ya kaunti hii; iliyobaki tunagawana sisi, mkonge na mawe. Jioni, mahali fulani kati ya Maktau na Bura, tembo atasimama katikati ya lami. Dereva asipige honi wala asimmulike. Azime injini, azime na redio. Mjomba atataka kueleza kwamba barabara hii imejengwa kwa kodi yetu. Mwambieni aeleze polepole. Tembo akishamaliza shughuli yake atapisha, na hapo waulizeni wanaoshukia Mwatate wako wangapi, kwa sababu lile gunia la jirani liko chini ya viti vyote.