Kesi ya Kaa wa Kilwa

Mwanzoni mwa karne ya 14, Kaa wa mikoko ya Kilwa Kisiwani alimshtaki Sultani al-Hasan bin Sulaiman mbele ya baraza la viumbe wa pwani. Kadhi alikuwa Bibi Kasa, aliyekula chumvi nyingi kuliko wote. Shtaka lilikuwa moja: nyumba ya Sultani inajengwa kwa nyumba za wengine.

"Maji ya bamvua yakishapwa," alisema Kaa, "watu hushuka mwambani na mitaimbo. Hung'oa matumbawe yangali hai, maana yakiwa mabichi ni laini, na fundi huyachonga nakshi kabla hayajakauka yakawa magumu. Hapo ndipo palipokuwa na pango la Chewa. Yasiyofaa kuchongwa hupangwa juu ya magogo na kuchomwa yawe chokaa. Kisha huingia kwangu kukata boriti za dari. Bibi, upana wa vyumba vya Husuni Kubwa umepimwa kwa urefu wa mikoko iliyowafunika wanangu."

Chiriku akaruka mbele. Alikuwa akiokota punje katika ua wa Sultani, na sauti yake ilionyesha kwamba ameshiba.

"Vyumba zaidi ya mia!" alisema. "Birika la pembe nane! Nyumba iko juu ya genge, mabaharia waione wangali mbali. Dhahabu ya Sofala inapita hapa na kulipiwa ushuru. Mwenye bandari hii akae kibandani? Tena ni mkarimu. Fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, akazivua akampa. Watu walipomsifu, akamwongezea watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu."

"Na hao kumi," aliuliza Kaa, "nani aliwauliza kama wanataka kuwa zawadi?"

Chiriku, aliyezoea kujibu kabla hajaulizwa, akatazama baharini.

Ukarimu ule ulikuwa wa kweli. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliuandika, nami sioni sababu ya kumtilia shaka. Ila yeye alikuwa mgeni wa heshima, akauona mkono wa Sultani unapotoa. Kaa aliuona unapochukua, na ushahidi wake haukuandikwa na mtu. Hilo linaniuma kila nisomapo sifa za wafalme na majumba yao: jina la aliyeagiza limehifadhiwa, jina la aliyezama na mtaimbo halimo.

Bibi Kasa alifikiri mpaka maji yakaanza kujaa.

"Sina askari wa kumzuia Sultani," alisema. "Lakini nyumba ya chokaa haiachi kudai chokaa. Kila masika hula kuta, na lazima mtu apande kuziba. Nani atapanda kwa ajili ya hii?"

"Watu wake," alisema Chiriku.

"Wanalala humo?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nimeamua: itunzwe na wanaolala humo."

Haikupata nafasi ya kutunzwa. Al-Hasan alifariki kabla husuni haijamalizika, na kiti kikaenda kwa nduguye Daud, ambaye waombaji walimjua kwa mkono mgumu. Jumba lilikaliwa muda mfupi tu, likaachwa. Popo walihamia bila kumwomba mtu ruhusa.

Sultani yule yule alikuwa ameupanua pia Msikiti Mkuu, kwa mawe na chokaa vile vile. Nao uliporomoka, tena vibaya. Katika karne ya 15 watu wa Kilwa waliujenga upya, kwa matao na kuba, wakati Husuni Kubwa ikiendelea kubomoka kule gengeni bila fundi.

Siku mawe ya msikiti yalipokwenda kutafutwa, kitukuu wa Kaa alitoka shimoni akamkabili fundi aliyechutama mwambani.

"Nani atakaa humo?"

"Hakuna," alijibu fundi. "Lakini Ijumaa nikiwahi, nitasimama safu ya mbele."

Kaa akamwonyesha mwamba uliokwisha kufa, aanzie hapo. Wa Chewa akamkataza.